Usiseme Leo ni Jumanne

Jumanne. Baridi ya Juni imeamua kukaa. Mlima haujaonekana tangu Jumamosi, na hapa Engutoto nguo nilizofua juzi bado mbichi kwenye kamba. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, ila sidhani kama ni baridi peke yake.

Nina hasira. Niseme mapema ili msomaji, kama yupo, asije akadhani leo naandika habari za hali ya hewa.

Kazi yangu ya sasa ni kuwaandaa walimu wapya wafundishe watoto wa shule mtandaoni. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, halafu kampuni moja ikanichukua. Ofisi yao ni nyumba ya kupanga huko Njiro, yenye geti na ukuta mrefu, na chumba kimoja cha kulala kimegeuzwa darasa. Kuta zimefunikwa magodoro ili sauti isirudi. Mwalimu anasimama mbele ya kamera, basi, anafundisha magodoro. Walimu ninao sita. Wote wametoka chuo, wote wamekaa nyumbani wakisubiri ajira mpaka wameanza kukwepa harusi na misiba ili wasiulizwe siku hizi wanafanya nini.

Kazi kubwa imekuwa kuwaondolea tabia moja. Sisi walimu wa huku hatumalizi neno. Unasema, "Tunavuta hewa kwa kutumia mapa..." halafu unanyamaza, na darasa zima linakumalizia: "fuuu!" Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hivyo ndivyo tunavyojua nani amelala. Sasa mtandaoni watoto huzimiwa sauti, maana ukiwaachia utasikia majogoo, redio na mama anayemgombeza mtu. Na kwenye mazoezi yetu watoto hawapo kabisa. Mwalimu anasema "mapa...", anasubiri, na hakuna kitu. Nimewaona vijana wazima wakitoka jasho kwenye baridi hii.

Anaeli ndiye aliyenisumbua kuliko wote. Kijana wa Kimeru, mpole, mrefu mpaka kamera inamkata utosi. Kila siku namwambia, "Malizia neno mwenyewe, Anaeli." Ananijibu, "Sawa, Madam," halafu anasubiri tena. Nilikuwa namcheka. Lakini wiki iliyopita alirekodi somo la mmeng'enyo wa chakula mwanzo hadi mwisho bila kuacha neno hata moja likining'inia, nikajisikia fahari kama vile nimemzaa.

Rekodi hizo tuliambiwa ni za mazoezi. Mwalimu ajitazame, ajirekebishe, kisha shule zikifunguliwa aanze kufundisha watoto wenyewe, mubashara, kila jioni. Nami ndivyo nilivyowaambia. Kwa mdomo wangu huu.

Leo mkurugenzi akaniita. Ni kijana mwenye adabu, hajawahi kunipita bila shikamoo. Akasema kwenye rekodi zilizobaki walimu wasisalimie, wasitaje majina yao, wala wasiseme leo ni siku gani. Nikadhani ni unadhifu tu. Nikamuuliza, na mtoto akiwa na swali je? Akatabasamu.

"Mwalimu, somo likirekodiwa vizuri linatumika hata miaka mitano. Hawa vijana tutawashukuru mwisho wa mwezi. Wewe utabaki, utakuwa unakagua."

Tutawashukuru.

Nilipaswa kugonga meza. Badala yake nilisema, "Sawa, baba," nikatoka. Nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha magodoro, nikawakuta wote sita, nikawapa maagizo kama nilivyoyapokea: msisalimie, msitaje siku. Wakaandika. Mmoja akauliza kwa nini, nikamwambia mtandaoni ndivyo mambo yanavyokwenda. Jamani.

Najua kwa nini nilinyamaza. Nikifungua mdomo nitamwaga unga, na kwa umri huu hakuna kampuni nyingine inayonisubiri. Pensheni yangu naijua mwenyewe.

Ila kuna suala la Oldonyo Sambu. Shule moja ya binafsi kule ilimtaka Anaeli, na chumba cha kuishi wangempa. Alinijia wiki mbili zilizopita, akasimama mlangoni akichezea zipu ya koti, akaniuliza aende au abaki. Nilimwambia abaki. Kule kuna vumbi na upepo, nikamwambia, huku ndiko dunia inakokwenda. Nilisema kwa uhakika kabisa, kana kwamba dunia iliniaga ilipokuwa inaondoka.

Nilipofika nyumbani jioni sikuvua hata viatu. Nikampigia.

Akaanza na "Shikamoo, Madam," nikaitikia marahaba. Nikajikaza kisabuni. "Anaeli," nikamwambia, "hawa watu wakishamaliza kurekodi, ninyi wata..."

Nikashindwa. Mimi, ninayewagombeza watu kwa kutomaliza maneno.

"Watatuacha," akamalizia.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtoto anayejibu darasani. Nikamuuliza harakaharaka, na Oldonyo Sambu, huwezi kuwapigia tena? Akasema wameshapata mtu. Wao walikuwa tayari kumsubiri, ni yeye aliyekataa.

"Niliwaambia Madam wangu amesema nibaki."

Halafu akanishukuru kwa kumwambia ukweli, na hapo ndipo nilipolia. Afadhali angenitukana.

Kesho asubuhi nitawaambia wote kabla taa za kurekodia hazijawashwa. Unga ukimwagika, na umwagike. Wala siandiki haya ili nisifiwe. Leo nilikuwa na siku nzima ya kuwaambia, na niliitumia kuwafundisha kutotaja siku. Watano watasikia kesho na wataniangalia usoni, na sijui nitaweka wapi macho yangu.

Kabla hatujakata simu Anaeli aliuliza, "Sasa kesho nije, Madam?" Zamu yake kesho ni somo la mfumo wa upumuaji. Nikamwambia aamue mwenyewe, mimi nimeshamwamulia vya kutosha. Akasema atakuja, maana somo ameshaliandaa.

Basi nikamwambia, ukifika kwenye mapafu acha neno katikati, usubiri watoto.

Nitakuwa nimekaa pale nyuma ya kamera. Sitamwambia amalizie.