Kikopo Changu, Choo cha Shemeji

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi niitikie hivyo hivyo, maana naomba msaada na sina pa kuuomba kwingine. Mimi ni fundi wa makochi, nina mke, na kaka wa mke wangu ndiye anayewapelekea wateja kazi zangu; mtaani wanamwita Winchi kwa sababu anabeba kochi la watu watatu peke yake na bado anapiga mluzi. Baba yangu alifariki kwa kansa ya utumbo mpana, na nilipomtajia hilo daktari wa kliniki ya mtaani, siku nilipokwenda kwa ajili ya kikohozi tu, yule mama akaacha kuandika, akaniuliza baba alikuwa na umri gani, kisha akanipa kikopo kidogo chenye jina langu akasema, "Niletee choo, tuangalie kama kina damu isiyoonekana kwa macho."

Mshauri, sikuweza. Siku mbili kikopo kilikaa dirishani chooni kikinitazama, na siku ya tatu, Winchi alipokuja kupakia mzigo, nikamwambia tumbo langu limegoma na kliniki wanataka kupima minyoo, anisaidie choo chake. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sponji. "Shemeji, we kweli umekosa cha kuomba! Haya, lete." Nikapeleka choo chake kwa jina langu, nikarudi nimeshusha pumzi, maana mtu mwenye afya ile angekutwa na nini?

Baada ya siku chache nesi akanipigia simu, choo chako kina damu, njoo upesi, na nikauacha mkasi katikati ya kitambaa cha mteja, kwa sababu nilijua damu si yangu, na naona aibu kuandika hili lakini kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu, hofu ikaja ya pili, na wiki tatu nzima nikanyamaza, namwona Winchi anabeba, anapiga mluzi, na kila akigusa tumbo nageuza macho. Wiki ya nne nikapiga moyo konde, nikamdanganya tena kwamba kliniki wanapima wanaume wote wa mtaa, nikamburuta. Nesi akaniuliza pale pale mbele yake kwa nini sijaja kuhusu damu, nikaomba kikopo kingine ati nirudie. Winchi naye alipewa chake, akakipeleka. Kikatoka na damu, akapitishwa kamera ya kuangalia utumbo, wakakuta uvimbe, wakampasua na kuukata kabla haujasambaa, na daktari akasema ungekaa mwaka mwingine asingeweza kuahidi kitu.

Leo ni miezi saba. Winchi amenenepa, amerudi kazini, ila vizito wanabeba wengine naye anawakosoa, na kila baada ya miezi mitatu anakwenda kwa yule yule daktari wa mtaani, ambaye anampima damu na uzito, anamuuliza analalaje na kama hofu imepungua. Nyumbani mimi ni shujaa. Mama mkwe, ambaye miaka yote aliniita "huyo fundi," sasa ananiita mwanangu, ananipakulia wa kwanza, anawaambia wageni nina jicho la kuona ugonjwa. Kilemba cha ukoka kimenibana kichwa, mshauri.

Kikopo changu cha pili kipo juu ya kabati, kitupu. Nesi bado anapiga, nami sipokei. Na Winchi kila akielekea kliniki hunipitia karakana, anasimama mlangoni na kuuliza, "Cha kwako kiko wapi, shemeji?" halafu anacheka, sijui utani gani huo. Nikisema ukweli, watajua mimi ni mwoga na tapeli, na kwamba nilikaa na ugonjwa wa mtu mfukoni wiki tatu. Nikinyamaza, je, si mambo yameshaisha vizuri?

Ni mimi, Fundi wa Makochi

*

Fundi,

Marahaba. Nimecheka, nimekasirika, halafu nimemshukuru Mungu kwa ajili ya Winchi. Watu wanaazima nyundo, wanaazima ngazi. Wewe ukaazima choo!

Shemeji yako yu hai na uvimbe haumo tena tumboni mwake, kwa hiyo furahi, una haki. Ila usijipe sifa. Umemwokoa kwa bahati, na ulikaribia kumpoteza kwa ukimya wako. Wiki zile tatu ni zako na utamwomba radhi kwa mdomo wako mwenyewe.

Unauliza kama mambo yameisha. Ya Winchi yanaendelea vizuri, yako hayajaanza. Aliyekufa kwa ugonjwa huu ni baba yako, si baba yake. Kikopo ulipewa wewe, na mpaka leo hakuna anayejua kilichomo tumboni mwako, huku faili lako lina damu ya mtu mwingine. Nenda kesho asubuhi, umwambie daktari choo kilikuwa cha nani. Huenda kwa sababu ya baba yako akataka kamera moja kwa moja, usibishane naye. Hatakufukuza, ameshasikia uongo mkubwa kuliko huo. Mkeo mwambie leo, mkiwa wawili. Mama mkwe baadaye, na akikurudisha kuwa "huyo fundi" kwa mwezi mmoja utavumilia, ulishazoea.

Kuhusu Winchi unanishangaza. Unakata kitambaa kwa kukadiria kwa jicho, na hili hulioni? Alikupa choo chake kwa mkono wake. Wiki chache baadaye wewe unayeikimbia kliniki ukamburuta kliniki, na nesi akakuhoji kuhusu damu mbele yake. Kisha akakaa kitandani na mshono tumboni, hana la kufanya ila kufikiri. Amejua, mwanangu. Amejua miezi yote saba, hajakusema kwa mama yake, hajakusema kwa dada yake, na kila akienda kliniki anapita kwako kuuliza swali lile lile, kwa sababu anataka na wewe upone kama yeye.

Usingoje apite tena. Kishushe kikopo hicho leo, nenda mpaka mlangoni kwake, umwonyeshe kiko wapi.