Usiniandikie Kwamba Soko Limejaa

Tanga, Jumapili

Kaka Hamza,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifikia, alhamdulillahi. Mi niko mzima, kifua tu kinasumbua. Mguu wa mama unaendeleaje? Na shemeji, amejifungua salama?

Bon, haya. Nimesoma mara tatu pale unaposema kwetu Muyinga iko shwari, mapigano yamepoa, soko limejaa, na kwamba utamrudisha mama kwenye nyumba yetu kabla ya mvua. Nimekasirika, kaka. Ngoja nikueleze.

Kazi yangu unaijua, nahesabu samaki. Chekeni tu! Mtu wa milimani aliyeogopa hata mto, leo anazama na miwani usoni. Wenyeji nao wanacheka Kiswahili changu cha kwetu nikisema "iko". Tunazunguka kwenye matumbawe na kibao na penseli, tunaandika samaki gani yupo. Matumbawe hayasemi kama yanaumwa, samaki ndio wanasema.

Mwezi uliopita nilitoka majini kibao kimejaa. Nikaandika chini: samaki wengi, hapa pazuri. Mkuu wetu, mama mmoja asiyejua kubembeleza mtu, akafuta.

"Wengi gani? Hawa wote wanakula majani. Kitatange wako wapi?"

Kitatange ni samaki wa manjano, mwembamba kama sahani. Wako ambao hawali kitu ila matumbawe yaliyo hai. Yakifa, hao wanatoweka. Majani yanaota juu ya maiti, wanaokula majani wanajaa, na mjinga kama mi anaandika pazuri.

Nililia palepale botini. Wenzangu wakadhani ni chumvi machoni.

Unamkumbuka Mama Zaituni, jirani yetu wa maandazi? We ulikuwa tayari Gitega na cherehani yako. Asubuhi moja alibeba watoto akaondoka, unga umeumuka kwenye beseni. Nilimcheka, nikamwita mwoga. Baba hakucheka. Alitaka tumfuate, ila kwanza akatuma mtu sokoni aangalie hali. Akaletewa jibu, akabaki. Juma hilohilo mapigano yakatufikia, tukamzika.

Soko! Wanajeshi wananunua, wezi wanauza mabati ya nyumba za waliokimbia. Hilo nalo ni soko, Hamza. Usinihesabie watu wa sokoni. Uliza wenye watoto wachanga wanalala nyumbani au wanajificha kwenye migomba. Uliza kama Mama Zaituni anakaanga maandazi mlangoni pake. Kama hajarudi, mama abaki hapo kwako Yoba, hata akilia, hata akikununia.

Nisalimie shemeji Asha, na shangazi Mwajuma mfuma mikeka, na mjomba wa Nyarusange kama njia inapitika. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu.

Aliyetumwa sokoni siku ile ni mi. Mama anajua, hajawahi kunitamkia. Nilirudi mbio nikasema: soko limejaa, baba, tukae.

Mdogo wako,
Idi