Miezi Minne ya Jino

Mdogo wangu, mwanangu amenipandikiza jino kwa mikono yake mwenyewe!

Haya, sasa shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hamjambo huko?

Ukisikia watu wanamsifu daktari wa meno, ujue ni huyu niliyemzaa mimi. Dakika arobaini tu: sindano ya ganzi, mashine ikavuma, skrubu ikaingia mfupani. Sikutoa hata chozi. Nesi aliponipongeza nikamjibu kwa mdomo uliokufa ganzi, "Ushupavu alionao daktari wako kaurithi kwangu."

Ila jino lenyewe bado. Binti anasema lazima mfupa uishike skrubu kwanza, miezi minne, ndipo jino livalishwe juu. Nikamwambia, "Fanya haraka, baba yako anataka tupige picha ya ukoo nikicheka bila pengo." Akasema, "Mama, mfupa haubembelezwi." Kisha akanigeuzia mgongo, akanawa mikono muda mrefu mno. Nikajua analia.

Ini la shemeji yako limekwisha, mdogo wangu. Hospitali wanasema akijaliwa sana ni mwezi mmoja.

Nilipomweleza habari ya jino, alicheka mpaka akakohoa. "Pengo hilo nimelizoea, mke wangu. Waite watu."

Basi picha haingoji jino tena. Bado anaketi mwenyewe, bado anamjua kila mtu kwa jina. Mwambie na kaka yetu, mje na watoto wote, na mtu asilie mbele yake.

Ni mimi dada yako, mama wa daktari. Njooni Jumamosi ijayo, asubuhi.