Kumwigiza Mama Stela

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepuliza salfa mikoroshoni hadi saa nne. Koo limekauka. Maji ya chumvi, kisha mazoezi ya sauti jikoni. Jumamosi ya wiki ijayo naimba harusi Newala, kesho yake nachekesha Tandahimba. Mwezi uliopita nilikuwa mke mwenza kwenye filamu. Kazi ni kazi.

Jumanne, 5 Agosti
Video yangu nikimwigiza Mama Stela anavyogombeza kwaya imefika hadi Mtwara. Watu hoi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuimba, kanisani Chiwata. Mmakua yeye, Myao mimi. Watani. Sioni kosa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemkuta Mama Stela sokoni Lisekese. Shikamoo mama. Kaendelea kuchagua mbaazi. Sijawahi kunyimwa marahaba na mtu aliyenilea. Imeniuma, nisijidanganye. Jioni Tandahimba wamepiga: wanataka nimwigize “yule mama wa kwaya”, la sivyo nisiende.

Ijumaa, 8 Agosti
Kaja Stela, binti yake, na ujumbe wa mama: Mtani hutaniwa usoni, naye apate kujibu. Kwenye simu atamjibu nani? Hao wa Mtwara ni watani zake? Ana haki. Video nimeifuta, ila ilishasambaa.

Jumamosi, 9 Agosti
Chiwata, na jogoo mkononi. Faini ya mtani. Kwaya nzima ipo mazoezini. Mama Stela kapokea jogoo, kakaa. “Haya, niigize.” Nimeigiza. Hakuna aliyecheka. Mimi niliyezoea majukwaa!

“Mimi hugombeza kwa mkono wa kushoto, wewe! Rudia.”

Nimerudia. Mara ya tatu wamevunjika mbavu, yeye wa kwanza. Tandahimba niende, kasema, naye atakaa mbele ili ajibu.

Kisha kainuka, zamu yake kuniigiza mimi. Kabetua shingo, kapita mbele ya mabenchi akitafuta simu ya kumrekodi. Kasalimia watu bila kuwatazama. Mweee! Walianguka chini. Mimi sijawahi kuchekesha watu namna ile. Nilicheka nao kidogo, kwa aibu.

Jumatatu, 11 Agosti
Uani, peke yangu. Nimeegemeza simu kwenye kinu inirekodi, nikatembea hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Nimetazama. Shingo ndiyo ile ile. Nimejaribu bila kubetua, naonekana mgonjwa.

Huyu mama angeianza kazi hii ujanani, mimi nisingeitwa popote.