Ndege ya Ayubu Haijatua

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Ayubu amepiga simu kutoka Ulaya. Ndege imenunuliwa, injini zimejaribiwa, na yeye, fundi wake, atarudi nayo. Itatua Dar es Salaam Ijumaa. Nimemuuliza mwanangu kwa nini kampuni yenye ofisi Tanga inunue ndege kubwa isiyoweza kutua Tanga. Akacheka. "Mama, hayo waachie wenye kampuni."

Siwaachii. Nimekwenda Barabara ya Kumi na Nne kuitazama hiyo ofisi. Chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Kibao kipya. Kiti kimoja. Nilikuwa na jirani yangu Devota. Akasema, "Mwalimu, hata kibanda cha chipsi kina viti viwili." Nikamkanya. 

Alhamisi, 7 Agosti
Wameruka. Najat, mkazamwanangu, ana ramani kwenye simu inayoonyesha ndege zilizo angani. Ya mumewe ni kipicha cha manjano. Amekikodolea macho kutwa. Wali umeungua, nami sikumsema. Alasiri kikapinda kidogo upande wa mashariki — kisha hakipo. Amezima simu, amewasha. Hakipo.

"Mtandao tu," nimemwambia. Nimesema nisilolijua.

Ijumaa, 8 Agosti
Haikutua. Simu ya Ayubu haipatikani. Ofisini kuna kufuli, na kibao kimeng'olewa. Mwenye duka la vipuri anasema aliyepanga chumba ni wakili kutoka mbali. Wenye kampuni hajapata kuwaona.

Adhuhuri habari ilikwishaenea kwenye simu za watu: ndege imepotea. Jioni jamaa za marehemu mume wangu wamefika kutoka Mwera na mikeka yao. Sikumwita mtu. Msiba hauna mwaliko.

Jumamosi, 9 Agosti
Yu hai. Alhamdulillahi. Yu hai!

Amepiga asubuhi kwa namba ndefu nisiyoijua. Nilikuwa chumbani peke yangu. Alinong'ona. Kuna nchi iliyowekewa vikwazo — sitaitaja hata humu. Mataifa yanayounda ndege hayaruhusu iuziwe. Basi madalali hufungua kampuni mahali kama hapa kwetu, hununua ndege iliyozeeka, na kusema inakuja Afrika. Njiani rubani hutangaza hitilafu, huzima chombo kinachoonyesha alipo, hutua katika nchi hiyo. Haitoki tena. Hupakwa rangi nyingine, ikachukua abiria wao.

"Ulijua?"

"Nilijua tulipotua, mama."

"Ayubu."

"Nilijua kabla hatujaruka."

Madalali watamtoa baada ya siku chache kupitia nchi jirani. Mpaka hapo nisiseme lolote. Ikijulikana aliko, atakamatwa popote atakapokanyaga. Hata Najat nisimwambie. "Furaha yake haifichiki, mama. Mtaa mzima utajua." Hilo ni kweli. Ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 10 Agosti
Nyumba imejaa. Wanawake wanamenya mihogo uani na kunisema kwa sauti ya kusikika. Wifi yangu Hafsa: "Mwana amepotea, yeye anauliza nani ameacha pipa wazi." Mwingine: "Walimu hao, shoga. Machozi yao yana ratiba." Devota akawaambia wamenye mihogo, wasimenye watu. Wakacheka. Nami karibu nicheke — ningejibu nini wangeniona?

Najat hali. Tangu Ijumaa ni maji tu. Ameingia chumbani, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Mama, nivue bangili? Wanasema nianze eda."

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Bado, nimekwambia."

Akashusha mikono. Nilikuwa mkali. Ningelegea kidogo tu, ningesema yote.

Jumatatu, 11 Agosti
Ayubu hajapiga tena.

Jamaa wa Mwera wanataka kurudi makwao, na kabla ya kurudi wanataka jambo hili lifungwe. Wamemleta Shekhe Masoud. Nilimfundisha kusoma na kuandika. Hajapata kunidanganya, hata kwa jambo la kitoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Wenzangu wanataka tumsalie Ayubu leo, sala ya ghaibu, baada ya adhuhuri. Nimekataa mpaka nisikie kwako. Una habari yoyote ya mwanao?"

Uani visu vya mihogo vikasimama.

"Nipishe nitie udhu," nimesema. Nimeingia chumbani. Udhu sijatia. Naandika.

Nikisema sina, watamsalia kama maiti mtu ambaye saa hizi pengine anakunywa chai. Najat atavua bangili, atakaa eda ya mume aliye hai, na mwenye kumkalisha ni mimi. Nikisema ninayo, wataniuliza yuko wapi. Habari ikifika kwenye simu za watu, mwanangu nimemfunga mwenyewe.

Ayubu alijua anapanda nini. Najat hakujua. Hajui mpaka sasa.

Hafsa amegonga. "Wifi, shekhe anangoja. Adhana imekaribia."

"Mwambie Najat aje kwangu."

"Shekhe je?"

"Najat kwanza. Peke yake."

Ameondoka akiguna. Sasa nasikia bangili, zinakuja ukumbini.