Baraka ya Bibi wa Quebec

Buffalo, Novemba 2015

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje, na dawa bado zipo? Sisi ni wazima, ila baridi ya hapa haina adabu. Mchungaji anarudi Uvira, nimempa barua hii, mdogo wangu Enoki akusomee. Ni habari ya binti yangu Neema na lugha, na kwenye simu ningeshindwa.

Unajua kazi yangu ni kutunza wazee. Nilipewa bibi mmoja, mzaliwa wa Quebec, kwa ajili ya Kifaransa changu cha shule, maana uzee ulikuwa umemfutia Kiingereza chote. Nikimwosha, alinisimulia mababu zake. Waingereza waliwashinda Wafaransa, wakaitwaa Kanada, lakini watu wake wakabaki na mapadri, mashamba na lugha yao. Wakapewa bunge, ila gavana na rafiki zake ndio walioamua. Wakachoka, wakainuka na bunduki za kuwindia. Vijiji vikachomwa, wengine wakanyongwa. Kisha mkubwa mmoja kutoka London akaandika kwamba watu hao hawana historia, afadhali wageuzwe Waingereza.

"Hapo hata mjinga alijua kwamba sisi ni taifa," aliniambia akigonga kitanda. Nikakumbuka milima yetu huko Kongo, na wale wanaotuita wageni, wanaotuambia hatuna kwetu. Nilimpenda sana bibi yule.

Wiki iliyopita alizidiwa. Akaja mwanawe wa kwanza, mtu wa miaka sitini, mzaliwa wa hapa. Kwao, kila mwaka mpya, mzazi huinua mkono na kumbariki mtoto wake mkubwa. Bibi hakungoja mwaka mpya. Aliinua mkono, akaanza maneno kwa Kifaransa.

"Anataka maji?" mwanawe akaniuliza, akakimbilia glasi.

Mkono ulikuwa bado hewani. Nikapiga magoti mimi. Aliporudi na maji, baraka ilikuwa imekwisha, na kabla ya jioni bibi akafariki. Nilimweleza maneno yote, akalia. Mpaka leo najiona mwizi.

Mama, Jumapili ile uliongea na Neema kwa simu, kisha ukaniuliza, "Mujukuu wangu anasema nini?" Nikakujibu kwamba anakusalimia, anakukumbuka. Nilikudanganya. Aliniuliza kwa Kiingereza kama sasa anaweza kwenda kucheza.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na mzee wa kanisa aliyetuombea safari. Ukipiga tena, zungumza na Neema mwenyewe, hata akinyamaza. Mimi usiniulize kasema nini.

Mwanao,
Sadoki