Kinga ya Chuma

Jumatatu, 3 Machi 1997

Nimesahihisha insha za wanafunzi wa jioni kabla ya chai. Makosa yale yale ya ngeli. Kisha nimefagia ua mwenyewe, kwa kuwa Hamisi hakuwepo. Alirudi jua limekwisha kupanda, jasho linamtiririka, baiskeli begani. Alikuwa amekwenda Giheta na kurudi. Peke yake. Juzi wachuuzi wawili wa ndizi waliuawa kwenye barabara hiyo.

Nilitaka kumkemea. Nikampa maji. Huyu ndiye mtoto niliyebaki naye. Kaka yake nilimzika mwaka 1993, vita vilipoanza.

Anasema mkimbiza baiskeli asipokanyaga mwezi mzima, miguu husahau. Basi akanyagie ndani ya nyumba. Amekubali, kwa sharti kwamba kifaa kiwe cha mazoezi ya kweli, si cha kuchekesha wageni.

Jumatano, 5 Machi

Vifaa ni vya namna mbili. Cha kwanza wanakiita rulo: mabomba matatu yanayoviringika ndani ya fremu, na baiskeli inakwenda juu yake bila kushikwa na kitu. Cha pili ni stendi: inabana ekseli ya gurudumu la nyuma, na kigurudumu chenye breki kinalikaza tairi ili mguu uone kana kwamba unapanda mlima. Rulo hufunza mizani. Stendi hufunza nguvu. Hamisi anataka rulo.

Fundi wa kuchomelea, sokoni, ametuundia rulo ya majaribio kwa mabomba ya maji. Tumeiweka ukumbini, karibu na mlango, apate pa kushika. Ilinguruma kama mashine ya kusaga. Jirani akaita kutoka upande wa pili wa ukuta:

"Mama Mwalimu, mumefungua kinu? Mi niko na muhogo huku!"

Hamisi akacheka. Mizani ikapotea. Akaruka pamoja na baiskeli yake hadi kwenye kabati la vyombo. Vikombe vya marehemu mume wangu vimevunjika vyote. Sikujua kwamba mtu anaweza kuanguka namna ile sebuleni kwake.

Tutanunua stendi.

Ijumaa, 7 Machi

Gitega hakuna stendi. Nchi jirani zimeiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira anayefanya biashara Muyinga, hupata vitu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nimempigia simu. Nimemweleza: kifaa cha kukanyagia ndani ya nyumba, kizito, chenye breki. Hamisi atakuja kukichagua mwenyewe, maana ekseli yake si ya kawaida. Kisipoingia, ni chuma cha bure.

Nimesema pia kwamba simtumi mpaka kinga ipatikane. Msafara wa askari wanaosindikiza mabasi hutokea Muyinga, nao wafanyabiashara wa huko ndio wa kwanza kujua siku yake. Ameahidi kunijulisha.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Furaha amepiga simu.

"Mama Mwalimu, kinga imepatikana! Ya chuma, nguvu sana, haitikisike! Mutume Hamisi kesho."

Nikauliza kama ni ya chuma kweli.

"Chuma tupu! Wanaume wawili hawaisukume!"

Nikamsahihisha: haitikisiki, hawaisukumi. Akaangua kicheko. "We Mama, hata kwa simu unafundisha!"

Kumbe watasindikizwa na gari la deraya. Sikutarajia. Nimelala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Jumanne, 11 Machi

Hamisi ameondoka asubuhi kwa basi dogo. Nimempa mkate na viazi. Sikumsindikiza, nilikuwa na darasa.

Alasiri. Dereva wa lori amefika na habari. Basi limeshambuliwa mbele ya Karuzi. Limechomwa moto. Nimemuuliza askari walikuwa wapi. Amenitazama kama mtu asiyejua Kiswahili.

"Askari gani, Mama?"

Jumatano, 12 Machi

Nimepiga simu Muyinga. Nimepaza sauti mbele ya watu, katika duka lenye simu. Nimemwita Mama Furaha mwongo. Nimemuuliza iko wapi kinga aliyoniahidi.

Akasema, polepole, kama anayesema na mgonjwa:

"Kinga iko hapa dukani, Mama. Ile ya kukanyaga ndani ya nyumba. Haina hata magurudumu."

Kinga. Kwa watu wa Kivu ni baiskeli. Kwa Warundi, *ikinga*. Ninalijua jambo hili. Miaka yote ya kazi nimelifuta neno hilo ubaoni na kuwachapa watoto waliolitumia. Kinga ni hifadhi, niliwaambia. Chombo kile ni baiskeli.

Nilimsahihisha viambishi. Sikumuuliza maana.

Hamisi hajulikani alipo.

Alhamisi, 13 Machi

Wanafunzi wamekuja. Nimewarudisha.

Ijumaa, 14 Machi

Yu hai. Yuko hospitali ya Muyinga. Risasi imepita gotini. Wachungaji wa ng'ombe walimkuta mgombani, wakambeba kwa machela. Mama Furaha amemwona kwa macho yake. Alilia simuni, nami sikuweza kulia. Watu wa dukani wamenikalisha juu ya gunia la mchele.

Jumapili, 16 Machi

Nimesafiri na msafara, askari mbele na nyuma. Hamisi amekonda katika siku chache hizi. Daktari anasema atatembea. Mashindano, hapana. Amesema hivyo mbele yake.

Nimemweleza Hamisi habari ya neno lile, lote, bila kujitetea. Alisikiliza. Kisha akasema:

"Niliona kuwa askari hawapo, Mama. Abiria wengine walishuka. Mimi nikajiambia, Mama amesema kinga ipo. Mama hakosei."

Hakuwa ananilaumu. Hilo ndilo lililonipiga. Nimetoka nje nikashika ukuta.

Jumapili, 30 Machi

Jeraha linafunga. Daktari anasema goti lisipozungushwa litakauka kama mti. Baiskeli ya kulizungushia isimame imara, isitikisike hata kidogo, wala isihitaji mizani. Rulo ingemuua. Stendi nayo ina baiskeli ndefu juu yake, mgonjwa hawezi kuipanda.

Mama Furaha alisikia, akaenda dukani. Alasiri wanaume wanne wameleta wodini kile chuma chake kisicho na magurudumu, wakihema. Hakutaka malipo. Tumebishana sana, nikashindwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Tumepanga chumba nyuma ya duka la Mama Furaha. Mvua tangu asubuhi.

Majuma haya kanyagio lilikuwa linapanda nusu na kurudi. Leo limepanda, likasita juu, likashuka upande wa pili. Nilikuwa nimemshika Hamisi kisigino.

Nilitaka kuachia. Akasema nisiachie bado.